Jinsi ya Kutengeneza Kapsuli ya Nikotini Itakayomrudisha Mteja Kesho

Anza kwa kusahau moshi. Fundi anayekaa kuchora kapsuli ya nikotini huku akiwaza kiberiti na majivu atachora kitu cha zamani. Awaze dozi. Mwaka 1972 William Dunn, mtafiti wa kampuni ya sigara ya Philip Morris, aliandika ndani ya kampuni yake kwamba pakiti ya sigara ichukuliwe kama ghala la nikotini ya siku nzima, sigara yenyewe kama chombo cha kupimia dozi, na kila mvuto wa moshi kama chombo cha kuisafirisha. Umma ulikuja kuyasoma maandishi hayo baadaye sana, nyaraka za kampuni za tumbaku zilipotolewa hadharani kwa nguvu ya kesi za Marekani. Kapsuli na vijiti vyote vinavyopashwa moto siku hizi vinafuata wazo hilohilo. Moshi umeondolewa, ghala na kipimo vimebaki.

Nimeupanga mwongozo huu kama anavyofundishwa fundi, hatua baada ya hatua. Ninaowaandikia hasa ni mzazi, mwalimu wa sekondari, mkaguzi wa bidhaa, na mvutaji anayetaka kuacha ambaye ameambiwa na muuzaji kwamba kifaa hiki ndicho kitakachomsaidia. Nataka wakikishika mkononi waweze kukisoma tabaka kwa tabaka, na wajue kila tabaka limewekwa pale lifanye nini.

Hatua ya kwanza: jifunze kwa Premier

Kapsuli ya kwanza iliyovuma ilianguka vibaya, na fundi mwenye akili huanzia hapo. Mwaka 1988 R.J. Reynolds ilipeleka sokoni kwa majaribio sigara iliyoitwa Premier, katika miji ya St. Louis, Phoenix na Tucson. Kwa nje ungeidhania sigara ya kawaida. Kwa ndani, kwenye ncha, kulikuwa na kipande kidogo cha kaboni cha kuwashwa. Nyuma yake kapsuli ya alumini. Na ndani ya kapsuli shanga ndogondogo za alumina zilizonyweshwa gliserini, dondoo ya tumbaku na viungo vya ladha. Kaboni ikishika moto, joto lilihamia kwenye kapsuli, shanga zikatoa ukungu, na mvutaji akavuta ukungu huo badala ya moshi wa majani yanayoungua. Mamia ya mamilioni ya dola yaliingia kwenye kazi hiyo, na kwa uhandisi peke yake ilistahili pongezi.

Wateja hawakuitaka. Ladha ilikuwa mbaya, mashavu yalichoka kwa kuvuta, na aliyeiwasha kwa njiti ya kiberiti alipigwa na harufu mbaya puani. Mapema 1989 ikaondolewa madukani.

Kampuni zilizokuja nyuma zililichukua somo hilo kwa makini. Ubongo huizoea nikotini upesi, lakini kabla ya ubongo kuna mdomo, pua na koo, na hao ndio wenye kauli ya kwanza. Kitu kikilikera koo siku ya kwanza, siku ya pili haifiki. Ukizifuata bidhaa za kupashwa kutoka Premier hadi leo, utaona kwamba akili nyingi iliyotumika imetumika kulinyamazisha koo, na hilo ndilo ninaloomba msomaji alishike anapozisoma hatua zinazofuata.

Hatua ya pili: pasha, usiunguze

Kaa la sigara inayowaka hupita nyuzi joto 800 mvutaji anapovuta. Katika joto hilo jani linaungua, na kuungua ndiko kunakozaa lami, kaboni monoksaidi na sehemu kubwa ya sumu zinazoleta saratani. Kifaa cha kupasha kama IQOS ya Philip Morris hakipandi zaidi ya nyuzi 350 hivi. Tumbaku inaokwa, haiwaki.

Kila kiungo kina joto lake la kuchemka, na hapo ndipo kupanga tabaka kunapopata maana. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Propilini glaikoli huchemka kwa 188. Mentholi ni kama 212, nikotini 247, na gliserini, inayotoa ule ukungu mweupe mzito, ni 290. Ukivikoroga vyote kwenye chombo kimoja na kukiweka motoni, vyepesi huelekea kutangulia: mivuto ya mwanzo inajaa maji na harufu, ya mwisho inabaki na mabaki yaliyochoka. Mteja haipendi bidhaa inayobadilika ladha ndani ya dakika tano.

Dawa yake ni mpangilio. Chenye kuruka upesi hukaa mbali na moto, au hufunikwa kwa kitu cha kukichelewesha, kama jeli au utando juu ya chembe. Kizito hukaa karibu na moto. Mpika chapati anaijua kanuni hii bila kusomea kemia: hupaka mafuta kati ya kunjo na kunjo, ili chapati ikikutana na kikaango kila tabaka liachane na mwenzake na liive lenyewe.

Juu ya yote, joto lisizidi. Gliserini ikipashwa kupita kiasi huvunjika na kuzaa akrolini, ileile iliyomo katika moshi wa mafuta ya kupikia yaliyoungua, inayochoma macho na kubana kifua. Ndiyo maana kifaa kizuri kina sensa na programu ndogo ya kulinda joto muda wote wa kuvuta. Katika kazi yote hii, hapa ndipo faida ya fundi na afya ya mteja zinapoelekea upande mmoja, na nasema hivyo kwa dhati. Nendeni polepole kwenye hatua inayofuata, kwa sababu hapo ndipo zinapoachana.

Hatua ya tatu: ongeza asidi

Nikotini ina hali mbili zinazomhusu fundi. Ikiwa huru, yaani bila asidi ya kuishika, hugeuka hewa kwa urahisi, hupenya utando wa mdomo na wa mapafu upesi, na hulikwaruza koo. Ikishikwa na asidi huwa chumvi. Hapo hutulia, ukali wake kooni hupungua sana, na husafiri ndani ya matone madogo kuliko maikromita moja mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mwisho kabisa mapafuni. Kutoka hapo hadi kwenye ubongo ni suala la sekunde 10 hadi 20.

Kwa miaka mingi kampuni zilipendelea hali ya kwanza. Kuanzia miaka ya 1960 Philip Morris ilitumia michanganyiko ya amonia katika tumbaku ya Marlboro, na amonia huifungua nikotini ikawa huru, mvutaji akapata kishindo cha haraka. Lakini nikotini huru ina mpaka. Ukiizidisha, koo linakataa. Kijana wa miaka 14 anayejaribu sigara ya kwanza nyuma ya choo cha shule anakohoa mpaka machozi yanamtoka, kichwa kinamzunguka, na wengi huishia hapo. Kikohozi kile ni ulinzi. Mwili unasema hapana kwa lugha pekee iliyo nayo, na wazazi wengi wamenusuriwa nacho bila kujua.

Juul, sigara ya kielektroniki, iliigeuza hesabu mwaka 2015. Waanzilishi wake, James Monsees na Adam Bowen, walikuwa wanafunzi Stanford, na kabla ya Juul walitengeneza kifaa walichokiita Ploom, kilichopasha vikapsuli vya alumini vilivyojazwa tumbaku. Japan Tobacco International iliwekeza kwao mwaka 2011 na baadaye ikalichukua jina la Ploom. Katika Juul waliacha jani na kutumia kimiminika chenye nikotini iliyotiwa asidi ya benzoiki. Kile kilichouzwa Marekani kama cha asilimia 5 kilikuwa na miligramu 59 za nikotini katika kila mililita. Umoja wa Ulaya unakomea 20. Bila asidi, watu wachache sana wangeweza kuvuta nguvu kama hiyo bila kukohoa. Kwa asidi iliteremka kama pumzi ya kawaida, na iliteremka hivyo kwa yeyote, awe mvutaji wa miaka 20 au mtoto aliyeipata kwa rafiki darasani. Ilipofika 2019, uchunguzi wa kitaifa wa Marekani uliwakuta wanafunzi wa sekondari za juu asilimia 27.5 wakiwa wametumia sigara za kielektroniki, za aina zote, ndani ya siku 30 zilizopita.

Wengine walikuwa wamelifikia wazo la asidi kwa njia nyingine, ya kapsuli yenye matabaka mawili. Jed Rose wa Chuo Kikuu cha Duke, mmoja wa waliobuni kiraka cha nikotini cha kubandika kwenye ngozi kwa watu wanaoacha sigara, alibuni pamoja na wenzake chombo chenye vyumba viwili. Chumba kimoja kina nikotini, kingine kina asidi dhaifu. Hewa ikipita, mvuke wa kila chumba unatoka wenyewe, unakutana na mwenzake njiani, na palepale chembe za chumvi zinazaliwa hewani, zikiwa tayari kwa mapafu. Hakuna jani ndani yake na hakuna kitu cha kuunguza. Philip Morris ilinunua haki za uvumbuzi huo mwaka 2011 na kuuendeleza kwa asidi ya laktiki.

Naistaajabia kemia hiyo, na kwa sababu naistaajabia ndiyo maana ninakasirika. Mtu aliyetafuta njia ya kuwatoa watu kwenye sigara alipata njia safi ya kupeleka nikotini mwilini, na njia hiyo ikawa mali ya kampuni ambayo mapato yake yanategemea watu waendelee kuihitaji. Fundi anapoweka tabaka la asidi anapaswa kujiuliza analilainisha koo la nani. Koo la mvutaji wa miaka 40 limeshazoea ukali wa moshi. Watetezi wanasema hata yeye anahitaji dozi nono na laini, la sivyo atarudi kwenye sigara yake, na hoja hiyo ina uzito. Lakini ulaini uleule haumuulizi mtu umri. Asiyewahi kuvuta ndiye unayemfungulia njia pana zaidi, kwa sababu ni yeye peke yake ambaye angezuiwa na ukali.

Hatua ya nne: ladha, na ubaridi usio na jina

Tabaka la ladha ndilo rahisi kulitengeneza na gumu kulipigia sheria. Mentholi huziamsha neva zinazohisi baridi, hivyo mvuke wa moto unaonekana kuwa wa ubaridi na mkwaruzo wa kooni unafifia. Mwaka 2008 Reynolds ilitoa Camel Crush, yenye kidude cha mviringo ndani ya kichungi. Ukikibana kwa vidole kinapasuka na kumwaga mentholi. Mvutaji anachagua mwenyewe wakati wa kukipasua, na kitu chenye uchaguzi na sauti ya kupasuka kinafanana na mchezo. Wazo hilo limehamia kwenye vijiti vya kupashwa pia.

Sheria ikikataza mentholi, fundi hakosi pa kwenda. Zipo kemikali za ubaridi zisizo na harufu ya mnanaa wala ladha yoyote ya kutajika. Nyingi kati yake zilibuniwa miaka ya 1970 na Wilkinson Sword, watengenezaji wa nyembe, waliotaka kitu cha kutuliza ngozi baada ya kunyoa. Herufi za mwanzo za maneno mawili ya jina la kampuni hiyo bado zimo katika majina ya kemikali hizo, kama WS-23. Sheria inayokataza ladha inayotambulika haikikamati kitu kisicho na ladha, ingawa kazi yake kooni ni ileile ya mentholi.

Ulaya imetoa mfano mwingine, nao unafundisha zaidi. Kuanzia tarehe 23 Oktoba 2023 nchi za Umoja wa Ulaya zilitakiwa kukataza ladha zinazotambulika katika tumbaku ya kupashwa moto. Sheria ilitaja tumbaku. Mwaka huohuo British American Tobacco ikaleta sokoni vijiti ambavyo ndani yake, badala ya tumbaku, mna majani ya rooibos, mmea wa chai unaoota kwenye milima ya Cederberg, Afrika Kusini, yakiwa yametiwa nikotini na ladha. Kifaa ni kilekile na nikotini ni ileile. Jani limebadilishwa, na pamoja nalo limebadilika jina la bidhaa mbele ya sheria. Anayeandika sheria Nairobi, Dodoma au Kigali ataje nikotini yenyewe, kwa chanzo chochote na katika umbo lolote. Akitaja jani atakuwa ameshapitwa kabla wino haujakauka.

Hatua ya tano: ganda, na saa iliyofichwa ndani yake

Chukua wembe ukipasue kwa urefu kijiti kimoja cha IQOS ya aina ya kwanza. Kina milimita 45, karibu nusu ya sigara. Kwenye ncha kuna kipande cha tumbaku cha milimita 12, na ukikivuta kwa kucha kinafunguka kama karatasi iliyokunjwakunjwa, kwa sababu ndivyo kilivyo: tumbaku ilisagwa unga, ikachanganywa na gliserini na gundi ya mmea wa guar, ikamwagwa bapa ikakauka, kisha ikafinywa ikaingia kwenye mrija. Jani la Virginia kama lile ambalo mkulima wa Urambo, Tanzania, hulikausha na kulichambua kwa daraja, moja moja, hapa halina umbo tena. Baada ya tumbaku kuna mrija mtupu wa aseteti. Unafuata utando wa plastiki ya polilaktiki uliokunjwa mara nyingi kuupoza ukungu, halafu kichungi kifupi cha mdomoni, kilichowekwa ili midomo ikutane na kitu inachokijua.

Utando ule wa plastiki una habari yake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Riverside, waliandika kwamba katika matumizi ya kawaida tumbaku ya kijiti ilipata weusi wa kuungua kiasi, plastiki ikayeyuka, na kwenye nyuzi 90 tu ilitoa formaldehidi sianohidrini, kitu chenye sumu kali. Kampuni iliyapinga matokeo hayo. Ninachokichukua mimi ni kwamba tabaka lililowekwa kulinda koo dhidi ya joto lilikuwa nalo linaongeza kitu kwenye pumzi, na mvutaji aliyeambiwa kwamba hakuna moshi hakuwa na sababu ya kuliwazia.

Mwaka 2021 kizazi kipya, IQOS Iluma, kilianza kuuzwa Japani. Upanga wa kupasha uliokuwa unachomekwa kwenye tumbaku umeondolewa; badala yake kipande cha chuma kimefichwa ndani ya kijiti chenyewe na hupata moto kwa nguvu ya sumaku kutoka kwenye kifaa. Hakuna tena mabaki ya tumbaku ya kusafisha kwenye upanga. Vijiti vya zamani havifanyi kazi kwenye kifaa kipya, na kijiti kipya kina chuma chenye ncha, kwa hiyo pakiti inaonya kwamba kinaweza kumdhuru sana atakayekimeza. Mtoto anayetambaa ana kitu kipya cha kuokota sakafuni.

Jambo moja katika kifaa lisipite bila kutazamwa: muda. Aina ile ya kwanza ilikatika baada ya dakika 6 au mivuto 14, kimoja kitakachotangulia. Sigara ya kawaida humngoja mwenyewe. Anaweza kuizima, akaizungusha kidoleni, akaiwasha tena baada ya chakula. Kijiti kinachopashwa hakingoji. Mteja anayeona taa inakaribia kuzima huvuta harakaharaka ili asipoteze alicholipia, na kila mvuto wa haraka hupeleka dozi juu ya dozi iliyotangulia. Watafiti wa Riverside walilitaja hilo pia.

Hatua ya sita: chagua mlango wa kuingilia

Bidhaa ikishakamilika, nchi ya kuanzia na jina la kuandikishia vina uzito sawa na kemia. IQOS ilizinduliwa Novemba 2014 katika miji miwili, Nagoya na Milan. Japani haikuchaguliwa kwa bahati. Huko kimiminika chenye nikotini kinahesabiwa kuwa dawa, kwa hiyo sigara za kielektroniki zenye nikotini haziuzwi madukani hivihivi, na tumbaku ya kupashwa ilikuta uwanja mtupu. British American Tobacco ikafuata Sendai mwaka 2016 kwa kifaa chake cha glo, na Japan Tobacco ikaanzia Fukuoka mwaka huohuo kwa Ploom Tech, inayopitisha mvuke kwenye kapsuli ndogo ya chembe za tumbaku.

Marekani mlango ulikuwa wa maneno. Tarehe 7 Julai 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa iliruhusu IQOS itangazwe kuwa inapunguza kiasi cha kemikali hatari kinachoufikia mwili wa mvutaji aliyeacha kabisa sigara. Ombi la kutangaza kwamba inapunguza hatari ya magonjwa lilikataliwa. Uamuzi ule ulipimwa neno kwa neno, lakini ukisimuliwa kaunta na kaunta unafika kwa mteja ukiwa umebaki na maneno mawili: serikali imeruhusu.

Kenya tumeuona mlango wa tatu, na ingawa bidhaa yenyewe ilikuwa vifuko vya nikotini vya kuweka mdomoni, njia ni moja. Vilianza kuuzwa mwaka 2019 kwa jina la Lyft baada ya kuandikishwa kwenye Bodi ya Famasia na Sumu, hivyo vikakwepa maonyo na masharti ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007. Mwaka 2020 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alisema uandikishaji huo haukufuata sheria, na mauzo yakasimama. Mwaka 2022 vilirudi kwa jina la Velo. Uganda ilikuwa imechukua njia fupi zaidi: sheria yake ya mwaka 2015 ilikataza sigara za kielektroniki moja kwa moja, pamoja na shisha. Na Oktoba 2018, mjini Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku zilikubaliana kwamba tumbaku ya kupashwa moto ni tumbaku na isimamiwe kama tumbaku. Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2007. Afisa atakayeletewa jalada la kapsuli mezani ana pa kuegemea.

Hatua ya saba, ambayo haimo kwenye miongozo ya kampuni

Ninaamini, na nasema bila kusitasita, kwamba mvutaji wa pakiti kwa siku anayeacha sigara zote na kubaki na ukungu wa kupashwa anapumua sumu kidogo kuliko alizokuwa akipumua jana. Vipimo vya kemikali vinaonyesha hivyo, hata vilivyofanywa na watu wasiolipwa na kampuni. Tatizo ni kwamba wengi hawaachi zote. Huvuta sigara nyumbani na kijiti ofisini, na hapo mwili unabeba vyote viwili. Halafu kuna wale ambao hawakuwa wanavuta chochote. Kwao hakuna jana ya kulinganisha nayo.

Ndiyo maana naudai ufundi huu kitu ambacho unakiweza kabisa. Viraka vya nikotini vinavyotolewa kliniki hushuka kwa ngazi: miligramu 21, halafu 14, halafu 7, halafu basi. Anayebandika anajua tangu siku ya kwanza kwamba kuna kiraka cha mwisho. Watu wanaoweza kuzalisha chumvi ya nikotini hewani kati ya vyumba viwili, wanaoweza kuficha chuma ndani ya kijiti na kulihesabu joto sekunde kwa sekunde, hawashindwi kupanga kapsuli zinazopungua nguvu wiki baada ya wiki mpaka mteja asihitaji kurudi. Kifaa chenyewe kinahesabu mivuto. Kinaweza kuhesabu kwenda chini.

Kwa hiyo mkaguzi akiletewa kapsuli mpya, aombe vitu hivi kabla ya kugonga muhuri. Aombe kipimo cha nikotini iliyo huru na iliyoshikwa na asidi, pamoja na maelezo kwa nini asidi hiyo imetiwa. Aombe orodha ya kila kitu kinacholeta ubaridi, kiwe na ladha au kisiwe nayo. Aombe vipimo vya plastiki, gundi na chuma vikiwa kwenye joto halisi la kifaa. Aombe kujua kwa nini kifaa kinajizima kinapojizima. Na aombe aonyeshwe ngazi ya kushuka, yenye tarehe na miligramu, iliyoandikwa kwenye pakiti kwa Kiswahili ambacho mnunuzi wa soko la Kariakoo au la Gikomba atakisoma akiwa amesimama. Isipokuwepo, jalada lirudishwe kwa aliyelileta.